Famasi ya Ngamiani inayouliza kabla ya kuuza

Wenzangu kwenye kikundi chetu cha walioacha pombe wameniuliza mara nyingi dawa zangu nachukulia wapi, na kila mara nimewajibu kwa kifupi mno. Leo nijibu kwa kirefu, kwa ajili ya yeyote hapa Tanga aliyeacha pombe, daktari akamwandikia dawa ya wasiwasi, na sasa ameshika cheti mkononi hajui aingie duka gani.

Famasi yenyewe ni ndogo. Iko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, upande wa kuelekea Mkwakwani. Jina silitaji kwa sababu mfamasia ameniomba nisilitaje: yuko peke yake na foleni anayo tayari. Nitakachoeleza ni kazi yake ilivyo, ili ukiingia famasi yoyote ujue una haki ya kudai nini.

Mimi ni fundi cherehani, nashona kanzu barazani hapohapo Ngamiani. Nilikunywa kwa miaka mingi. Ujanani ulikuwa mnazi, baadaye viroba, na viroba vilipopigwa marufuku mwaka 2017 nikahamia chupa ndogo, na siku za ukata gongo. Nilikuwa naswali Ijumaa na nikinywa kwa kujificha, na kujificha nako ni kazi inayomla mtu. Pombe niliiachia wodini, si nyumbani, na hili nalisema kwa mkazo. Mtu anayekunywa kila siku akikata ghafla peke yake anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na wengine siku ya tatu au ya nne wanachanganyikiwa, wanaona watu wasiokuwepo. Wapo wanaokufa kwa hilo. Mimi nilipewa diazepamu, dawa ya kutuliza, kwa dozi iliyokuwa ikipunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, na diazepamu ikaishia hukohuko wodini kabla sijaruhusiwa.

Arosto, yaani yale mateso ya mwili ya kuacha pombe, ikaisha, wasiwasi ukabaki. Ulikuwa ukinijia alfajiri, mara tu baada ya adhana: moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, jasho la baridi, na moyoni nina hakika kuna baya linakuja ingawa nyumba nzima imetulia. Mchana ulihamia mikononi. Shingo ya kanzu ina darizi ndogo ndogo, na fundi anayetetemeka hawezi kuishona; nilikuwa nampa kijana wangu wa kazi atunge uzi kwenye sindano, mimi nijifanye nakata kitambaa. Daktari wa kliniki ya afya ya akili hakukimbilia kuandika dawa. Alisubiri wiki kadhaa, kwa maelezo kwamba wasiwasi mwingi wa mtu aliyetoka kwenye pombe hutulia wenyewe kadiri ubongo unavyojirudi. Wangu haukutulia. Ndipo akaniandikia fluoksetini, miligramu 20, kapsuli moja asubuhi.

Nilipoingia pale famasi walikuwepo mama mwenye mtoto wa homa na kijana wa bodaboda anayetaka dawa ya mafua. Mfamasia ni binti mdogo, umri wa mwanangu wa pili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Akapokea cheti, akakisoma chote mpaka tarehe na mhuri. Hakuuliza kitu mbele ya watu. Akasema tu, "Mzee, pita huku nikuelekeze vizuri," kama vile ananionyesha namna ya kutumia dawa ya macho. Nyuma ya kabati la maziwa ya watoto kuna kijimeza na stuli moja. Akanikalisha, yeye akasimama.

"Baba, nitakuuliza mambo, naomba usiyachukulie vibaya. Namuuliza kila mwenye dawa hii. Pombe unatumia?"

Nikamwambia nimeacha.

"Hongera sana. Ulikuwa unakunywa kiasi gani kwa siku, na umeacha lini?"

Nimeulizwa swali hilo na watu wengi, na wengi huliuliza huku wakitazama pembeni. Huyu aliliuliza akinitazama usoni kwa upole na kalamu iko tayari. Akaendelea. Niliwahi kupata degedege? Kuna dawa yoyote ya usingizi, ya maumivu, au ya mitishamba ninayotumia? Nina vidonda vya tumbo, niliwahi kutapika damu? Kuna kipindi chochote nilikaa siku kadhaa bila kulala huku najiona nina nguvu kupita kawaida? Mawazo ya kujidhuru yamewahi kunijia? Na la mwisho: nyumbani kuna mtu anayejua? Nikamwambia mke wangu anajua. Akasema, "Basi vizuri, siku ukipenda njoo naye, na yeye aelewe."

Kisha akanieleza dawa, na maelezo haya ndiyo yaliyonibakisha kwenye matibabu. Dawa hii haitulizi leo wala kesho, akasema. Huchukua wiki mbili mpaka sita kuonyesha kazi yake. Siku za mwanzo inaweza hata kuongeza wasiwasi, kuleta kichefuchefu, kuvuruga usingizi. "Hapo ndipo wengi wanaiacha, baba. Ikikuzidi usiiache, njoo uniambie au rudi kwa daktari." Mtu aliyetoka kwenye pombe amezoea kitu kinachofanya kazi ndani ya dakika chache. Ukimpa dawa inayoanza kwa kumtia kichefuchefu na usimwambie, baada ya siku tano atakuwa kilabuni. Mimi zile siku zilipokuja nilizitambua, kwa kuwa nilishatajiwa. Zilikuwa ngumu, zikapita.

Angalia anavyokata dawa. Cheti changu kilikuwa cha mwezi, lakini aliniuliza kama ningependa kuchukua ya wiki kwa wiki, akaeleza kuwa baadhi ya wateja wake walioacha pombe huona ni rahisi zaidi. Nikakubali. Akachukua mkasi, akaligeuza lile ganda la kung'aa akatafuta upande ulioandikwa tarehe ya mwisho na namba ya toleo, akakata kuanzia upande wa pili, ili maandishi yabaki kwenye kipande kitakachomalizika mwisho. Mimi mtu wa mkasi naheshimu hilo. Wauzaji wengi hukata popote, na baada ya siku mbili hakuna ajuaye kilichobaki ni dawa gani. Kapsuli akazihesabu kwa sauti ya chini, tukahesabu wote. Kwenye bahasha akaandika kwa herufi kubwa za kusomeka: jina la dawa, kimoja asubuhi baada ya chai, na chini yake, PAMOJA NA POMBE HAPANA. Salio akaliandika kwenye daftari lake na bei haikuongezeka hata shilingi.

Utaratibu huu wa wiki kwa wiki naupenda kwa sababu ambayo mtu asiyewahi kuwa mlevi huenda asiione. Fluoksetini si dawa ya kulewesha, haina stimu yoyote, na ukimeza mbili hujisikii raha zaidi. Lakini pombe ilinizoesha kufikiri kwamba kimoja kikisaidia, viwili vitasaidia zaidi, na fikra hiyo haikuondoka pamoja na chupa. Kuwa na dawa ya mwezi mzima kabatini wakati usiku ni mrefu si salama kwa kila mtu. Zaidi ya hapo, mara moja kwa wiki kuna mtu mwenye ujuzi ananitazama usoni na kuniuliza nimelalaje. Kliniki tarehe yangu ni ya mbali; kwake ni hatua chache kutoka kwenye cherehani yangu.

Sasa nilinganishe. Nilikuwa safarini, mji mwingine wa mkoa huuhuu, nikaingia duka la dawa kutafuta dawa ya kichwa. Muuzaji akaniona natoka jasho. Hakuniuliza hata jina. Akatoa vidonge kwenye kopo, akavifunga kwenye kipande cha karatasi ya daftari: "Chukua na hizi mzee, utalala mpaka adhana." Nilimuuliza ni nini, akasema diazepamu, kwa namna ile mtu anavyotaja peremende. Bila cheti, bila swali, bila maandishi. Nilizirudisha, nikatoka, na hasira ile bado ninayo.

Ninayo kwa sababu najua angeingia nani baada yangu. Pombe na diazepamu zinafanya kazi kwenye sehemu ileile ya ubongo, zote zinapunguza kasi ya mwili. Mtu akiwa na pombe tumboni akameza na hizo, pumzi inaweza kupungua akiwa usingizini mpaka ikakatika, na jirani asijue. Hata bila pombe, diazepamu inayomezwa kila siku hujenga utegemezi ndani ya wiki chache, na ukiikata ghafla degedege lile la pombe linaweza kurudi kwa mlango huo. Kwa aliyeacha chupa, huko ni kurudi shimoni kwa ngazi nyingine. Sisemi diazepamu ni dawa mbaya. Mimi iliniokoa wodini. Na kama daktari wako amekuandikia na unaendelea nayo, usisome maneno yangu ukaitupa leo. Rudi kwake, akupunguzie taratibu. Ninachokilaani ni kile kikaratasi.

Tofautisha pia mabango. Duka lililoandikwa Duka la Dawa Muhimu linaruhusiwa kuuza orodha maalumu tu ya dawa, na watu wengi huko wanafanya kazi nzuri kwa homa na kuhara kwa watoto. Lakini dawa za akili na wasiwasi ni za cheti, ni za famasi yenye mfamasia. Ukizipata penye kopo, ondoka.

Jambo lililonifanya nimwamini kabisa binti huyu lilihusu mgongo. Fundi cherehani yeyote atakwambia: mgongo ni ugonjwa wa kazi. Nilikwenda kwake nimejikunja, nikaomba diklofenaki kama ninavyonunua miaka yote. Angeweza kuniuzia, si dawa ghali, na mteja ameitaja mwenyewe. Akalifungua daftari, akalitazama, akasema, "Hapana baba, hii nisikupe." Akaeleza kwamba fluoksetini peke yake huongeza kidogo uwezekano wa kutoka damu, na diklofenaki au ibuprofeni nazo huchubua tumbo, zikikutana, hatari ya kutoka damu tumboni inapanda, hasa kwa tumbo ambalo pombe imelichosha miaka. Nikamwambia basi nipe tramadoli. Akakataa kwa nguvu zaidi: tramadoli na fluoksetini zikichanganyika zinaweza kuleta degedege, na tramadoli yenyewe ni dawa ambayo watu wanaitegemea kama sisi tulivyoitegemea pombe. Akanipa parasetamoli, akasema kwa ini langu nisivuke vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku, na akaniambia niinue meza ya cherehani na niamke kila baada ya kanzu moja. Parasetamoli na kuinua meza! Nilitoka nimenuna. Meza nimeiinua kwa matofali, na mgongo una nafuu.

Vivyo hivyo kwenye kikohozi. Aliigeuza chupa ya dawa ya maji akanionyesha kwa ncha ya kalamu mahali palipoandikwa kiasi cha alkoholi, akairudisha kabatini, akatoa nyingine isiyo nayo. Dawa za maji za kikohozi, baadhi ya zile za kuongeza nguvu, na mitishamba ya chupa inayouzwa mitaani, nyingi zina pombe ndani. Kwa mtu aliyeacha pombe kabisa, kijiko kimoja kinaweza kuamsha kiu iliyolala. Nimeona kwenye kikundi chetu ikitokea.

Kuhusu kikundi niseme kidogo, maana huko ndiko maneno yanakoumiza. Kuna wenzetu wanaoamini kwamba ukimeza kidonge chochote cha akili hujaacha kitu, umehamisha ulevi kutoka chupani kwenda kwenye ganda. Nimeambiwa hivyo mbele ya watu na mtu ninayempenda. Dada mmoja alipoambiwa hivyo aliitupa dawa yake, ya jamii hiihii, siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata alikuwa na kizunguzungu, mwili unamshtuka kama umeme, halali, analia. Tulimrudisha kwa daktari kabla hajarudi kwingine. AA, jumuiya ya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ambayo ilianza Marekani mwaka 1935 na ambayo wenzetu hao hao huitaja kila siku, imeandika wazi kwamba mwanachama yeyote asijifanye daktari wa mwenzake, na kwamba dawa ni kati ya mgonjwa na daktari anayeijua historia yake ya ulevi. Hayo maneno ya mwisho ndiyo mzigo wetu: lazima daktari na mfamasia waambiwe ukweli wote wa pombe. Ukiuficha, hata dawa nzuri inaweza kukudhuru.

Mitaani ni vigumu zaidi. Hapa Tanga ukisema una dawa za wasiwasi, mtu atakuuliza unapelekwa Lutindi lini. Watu wanaitaja ile hospitali ya milimani Korogwe kama tusi, wakati imehudumia wagonjwa wa akili tangu zama za Wajerumani na imewarudisha wengi kwao wakiwa watu kamili. Ndiyo maana kile kijimeza nyuma ya kabati la maziwa nakithamini kuliko mapambo yote ya famasi kubwa za mjini, zenye kiyoyozi na kaunta ya kioo ambako unaulizwa "hii ya nini?" huku jirani yako wa msikitini amesimama nyuma.

Ramadhani iliyopita mfamasia alinipigia simu kabla mwezi haujaandama. Kapsuli ni moja kwa siku, akasema, basi haina haja ya kufungua mchana wala kuiacha. Ihamie daku, na kama usingizi wa alfajiri unasumbua tuzungumze na daktari ihamie futari. Nikafunga mwezi mzima. Kanzu za Idi nilizishona mwenyewe, na shingo zake pia.

Nisiwe shabiki tu, kuna mapungufu. La kwanza: kila kitu kinamtegemea yeye. Kuna kijana msaidizi, ana adabu, lakini akiwa yeye peke yake maswali hayaulizwi na daftari halifunguliwi. Nimemwona akimhudumia mtu wa cheti kama changu kwa dakika moja. Hilo nimemwambia mfamasia, amesema anamfundisha. Mimi naona bado. La pili: siku moja nilipewa kapsuli za rangi nyingine kabisa bila neno lolote, kwa kuwa kiwanda kilikuwa kingine. Dawa ni ileile, kipimo kilekile, lakini mtu mwenye wasiwasi akifungua bahasha akakuta rangi ngeni, usiku wake umeharibika. Sentensi moja kaunta ingetosha. La tatu: kadi ya bima hawapokei, na bei yao si ya chini kuliko kwingine. Kwa anayetegemea bima, famasi ya hospitali itamfaa zaidi mfukoni, ingawa foleni yake ni ndefu na faragha ni haba. Na dawa ikiisha, huisha kweli; angalau alipiga simu mwenyewe kwa wenzake mpaka akanipatia ileile, hakunibadilishia kwa amitriptilini, dawa nyingine ya akili, kwa kuwa ipo na ni rahisi.

Ukiitambua mwenyewe bila mimi kuitaja, nenda asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, kabla wateja wa sokoni hawajajaa, na uhakikishe ni yeye aliyepo. Chukua cheti chenyewe, si picha kwenye simu, na ubebe maganda ya dawa zote ulizonazo nyumbani, za mitishamba pia. Mwambie ulikunywa kiasi gani, kwa namba halisi. Ijumaa hufunga kuanzia adhuhuri mpaka saa nane, na Jumapili hafungui kabisa, kwa hiyo wa wiki kwa wiki kama mimi apange siku yake iwe Jumatatu au Jumanne.